Malalamiko Kuhusu Mlango wa Kushoto Uliobonyea

Kwa Mwenyekiti wa Kikao cha Familia
(ambaye pia ni binti yangu wa kwanza),

YAH: KUPINGA UAMUZI WA KUNITENGENEZEA GARI NA KUNISHIKIA UFUNGUO

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo sitakupa kwa kuwa mimi ndiye baba yako, lakini heshima ya kiti ulichokalia naitambua. Mimi sijambo, isipokuwa kwa hayo nitakayoyaeleza.

Nimepokea, kupitia kwa mdogo wako ambaye ni Katibu, maazimio ya kikao cha Jumapili kilichofanyika sebuleni kwangu, kwenye makochi yangu, mimi nikiwa nimetumwa jikoni kuangalia kama chai imechemka. Maazimio ni mawili. Gari langu lipelekwe gereji mlango unyooshwe. Na likishatoka gereji likae kwako, kama ambavyo ufunguo tayari unakaa kwenye mkoba wako, mpaka mtakapojiridhisha na macho yangu. Naomba kuwasilisha malalamiko yafuatayo, kwa utulivu.

1. Kuhusu jina la tukio. Katika kundi la familia la kwenye simu mmeandika "ajali ya baba". Naomba neno hilo lifutwe. Nimekuwa mtahini wa madereva miaka thelathini na mmoja, ajali nazijua kwa sura. Kilichopo kwenye mlango wa nyuma wa kushoto ni kibonde cha ukubwa wa kisahani, na mkwaruzo wa urefu wa kiganja. Nimepima kwa rula. Picha aliyoituma mumeo aliipiga kwa karibu mno, mpaka gari likaonekana limetoka vitani.

2. Kuhusu kura. Mlipiga kura kwa kutuma vidole gumba. Nimehesabu vidole tisa, wakati watu wazima katika familia hii, ukiniondoa mimi, ni saba. Kimoja ni cha mjukuu wangu wa miaka mitatu, aliyepewa simu atazame katuni. Kingine ni cha muuza dawa wa karibu na kwenu, ambaye hakuna anayejua aliingiaje kundini. Hivi kweli, mlango wangu wa kuamuliwa na mtu wa dawa ya kikohozi?

3. Kuhusu nguzo ya geti. Huyu ni mshtakiwa ambaye hakuna aliyemhoji. Nimepita pale miaka kumi na sita bila nguzo kunigusa. Mimi sijabadilika: mwendo ni ule ule, redio ni ile ile, hata kofia ni ile ile. Sasa kati yangu na nguzo, nani ameanza tabia mpya? Isitoshe fundi ujenzi aliipaka rangi ya kijivu, na asubuhi ile nayo ilikuwa ya kijivu. Ule ni mtego.

4. Kuhusu mafundi. Fundi bodi wa kwanza, yule mnayemwita Mzee Nyundo, aliupapasa mlango kama daktari anayepapasa tumbo, akasema atagonga kwa ndani, atapaka puti ya kuziba kibonde, atapiga msasa na rangi, na hakuna atakayejua kwamba kulitokea jambo. Mwanangu, kila mtahiniwa wangu aliyegonga koni alitaka mtu asijue. Puti ni uongo uliokauka. Fundi wa pili, mwenye ofisi yenye feni, alisema mlango wote ubadilishwe, na hata hakuinama kuutazama. Mkwe wangu naye, ambaye namheshimu, alipendekeza tubandike stika ya ua. Nimemsamehe.

Njia zote tatu nazikataa. Mkibadilisha mlango kwa sababu umebonyea, kesho injini ikikohoa mtabadilisha injini, na keshokutwa mtabadilisha dereva. Nadhani mnaelekea huko, ila mna adabu ndiyo maana mmeanza na mlango.

5. Mapendekezo yangu. Mlango uachwe ulivyo, itengenezwe nguzo. Isogezwe mita mbili. Ikifika kwenye ukuta wa jirani, jirani asogee. Jirani akisogea, barabara itapata nafasi ya kupanuliwa, jambo ambalo mtaa mzima umelililia. Barua ya ofisi ya barabara nimekwisha kuiandaa, nakala kwa wizara. Baada ya hapo nguzo zote za mtaa zipakwe rangi ya njano, pamoja na mbuzi wanaozurura. Wakazi wenye kupenda nguo za kijivu wapewe miezi mitatu ya kujirekebisha. Naona ni nafuu kuliko kumsumbua Mzee Nyundo.

6. Kuhusu mimi mwenyewe. Hili sikutaka kuliandika. Nikiwa jikoni niliwasikia mkishauriana nani aniambie, lini, na kwa sauti gani. Mlinong'ona kama watu wenye mgonjwa chumba cha pili. Chai ilichemka ikamwagika nami nimesimama tu na birika. Iliniuma, mwanangu. Wewe nilikuangusha mara tatu kwenye mtihani wa udereva, kwa haki kabisa, na mara zote tatu nilikwambia usoni. Nikiwa kwenye usukani bado ni mtu anayekwenda mahali. Mkiniweka kiti cha nyuma nitakuwa mzigo unaopelekwa kliniki.

Kwa hiyo nadai ufunguo wangu ndani ya siku saba. La sivyo nitakata rufaa kwa shangazi yako, na unajua hajawahi kumaliza kikao akiwa amekaa.

Msalimie mumeo, wasalimie wajukuu wote, hasa mpiga kura wetu mdogo, na huyo muuza dawa mwambie sina kinyongo naye.

Wako katika ujenzi wa familia na upanuzi wa barabara,

Baba yako mzazi,
Mtahini wa Madereva (mstaafu), na mwenye gari.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga barua hii, nimeifungua tena. Kuna ufunguo wa akiba ambao sikuutaja kwa kuwa hamkuuliza. Leo saa tatu asubuhi nilitoa gari niwaonyeshe. Geti nililipita vizuri. Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi nikamwona mama amesimama ukingoni mwa barabara, amembeba mtoto, nikasimama kumpisha. Nikampungia mkono avuke. Hakuvuka. Nikapiga honi kidogo, nikashusha kioo nikamwambia apite tu, sina haraka. Magari yakajaa nyuma yangu. Mwishowe nikashuka ili nimvushe. Lilikuwa pipa la maji, na juu yake wameegesha ndoo.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa namshukuru Mungu kwamba nilidhani pipa ni mtu, sikudhani mtu ni pipa. Ufunguo nimeutia humu ndani ya bahasha. Mlango mtengeneze vyovyote mtakavyoona. Gari liko pale pale mbele ya duka. Mwenye duka nimemwambia ni lako.