Hotuba ya Kuzindua Maabara ya Kupima Unene Umetoka kwa Nani

Mgeni rasmi wa siku ya leo, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa kikao, nafasi ninayoikaimu. Mlezi wa kamati, mlezi mwenza wa kamati ndogo, na mratibu wa kamati ya kuratibu kamati, ambao wote nimekuja nao ndani ya koti hili moja. Wakuu wa idara, wasaidizi wao, na wasaidizi wa wasaidizi wao. Wazee mlioketi kivulini, wananchi mlioketi juani. Kina mama, kina baba, vijana, watoto, na yule bwana aliyepanda ukuta ambaye namwomba ashuke kwa hiari yake: heshima zenu nimezigawa zote, na ambaye hakupata ajihesabu amepata kimoyomoyo. (Makofi. Bwana anashuka, kipande cha suruali yake kinabaki ukutani.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa nimejaa. Nimejaa furaha, nimejaa shukrani, na kama mnavyoniona wenyewe, nimejaa tu. (Kicheko kirefu.) Chekeni kwa adabu. Maana leo, katika fremuweki ya mkakati wa mchakato wa utekelezaji, tunazindua Maabara Kuu ya Utafiti wa Maikro-RNA, Chembe za Mafuta na Mambo Yanayofanana na Hayo, maabara ambayo ni ya kwanza katika mtaa huu, ya kwanza katika mitaa ya jirani, na kama dunia ingekuwa ndogo kidogo, ingekuwa ya kwanza duniani. Takwimu zinasema, na takwimu hizi zimekusanywa na ofisi yangu, kutoka ofisini kwangu, kwamba kati ya wananchi kumi waliohojiwa kuhusu mradi huu, kumi na wawili wameridhika. (Sauti: “Hao wawili wametoka wapi?”) Hao wawili ni ongezeko, bwana. Hayo ndiyo maendeleo.

(Mama mmoja kijana ananyoosha mkono. Pembeni yake amesimama binti yake wa miaka sita, mnene, mashavu yanang’aa, watoto wenzake wanamwita Kibonge. Mama anasema: “Shikamoo Mheshimiwa. Samahani kukukatiza. Huko ndani wataanza kupima saa ngapi?”)

Marahaba, mama. Swali zuri, nami nitalipeleka kwenye kamati.

(Mama: “Mimi siwezi kungoja kamati, baba. Wifi yangu huyu hapa, dada wa mume wangu, anataka kumchukua mwanangu akamlee yeye. Anasema mimi ndiye namnenepesha. Tumekubaliana mbele ya mume wangu: maabara impime mtoto. Ikisema kosa ni la jiko langu, mtoto anahama kwenda kwake. Mpaka kipimo kitoke, anakaa na mimi.” Wifi, mwanamke mrefu mwenye mwavuli: “Ni kweli, nimekubali na sirudi nyuma. Huyu mtoto akifungua mdomo hata kupiga miayo tu, mama yake ameshatia kijiko!” Mama: “Wifi jamani! Anakula sahani moja na kaka yake, na kaka yake mwembamba kama ufito!” Kicheko. Kibonge anajificha kwenye gauni la mama yake.)

Tulieni, mawifi, tulieni! Hapo hapo kwenye hiyo sahani moja ndipo sayansi inapoingia, na mimi nimeingia nayo. Sikilizeni. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo, na kila chembe ni kama ofisi ya serikali: ndani kabisa amekaa bosi, haonekani, anaandika barua. Barua nyingine inasema, wewe chembe changa usiye na kazi maalumu, kua sasa, uwe chembe ya mafuta, uweke akiba. Lakini kati ya bosi na watekelezaji kuna makarani wadogo sana, hawaonekani hata kwa miwani ya babu, na hao ndio maikro-RNA. Kazi yao si kuandika barua, ndugu zangu. Kazi yao ni kuikamata barua njiani, kuikalia, kuichana, kuhakikisha agizo halifiki. (Sauti: “Huyo karani tunamjua! Anakaa mlangoni kwako!” Kelele. Mzee mmoja: “Barua yangu ya maji anaikalia mpaka leo!”) Karani huyo amehamishwa. (Sauti: “Kwenda wapi?”) Mlango wa pili.

Naomba niendelee, maana sayansi haipendi kukatizwa. Sasa, karani mmoja anaikalia barua inayosema chembe ziwe za mafuta, basi mafuta hayaongezeki sana. Karani mwingine anaikalia barua iliyokuwa inazuia, basi chembe za mafuta zinakua, zinajaa, zinaita na jamaa zao. Na kila mwili una makarani wake kwa hesabu yake. Ndiyo maana watoto wawili watakula sahani moja, mmoja abaki ufito, mwingine awe kama mimi. Na mimi mwenyewe, kwa kuwa kiongozi bora huongoza kwa mfano, nimeutoa mwili wangu kuwa eneo la majaribio, na nina furaha kuwatangazia kwamba mradi umepanuka. (Kifungo cha koti la Mheshimiwa kinafyatuka na kumpiga dereva wake sikioni. Dereva: “Tena, bosi?” Vifijo.) Hicho ni kielelezo, kilikuwa kwenye ratiba.

(Mama, sauti imeshuka: “Mheshimiwa, kwa hiyo huenda mwanangu makarani wake tu ndio walivyo? Si mlafi, na mimi simharibu?”)

Mama, ngoja nisome karatasi ya wataalamu, ambayo nimeipitia kwenye gari wakati wa matuta. Inasema unene una mambo mengi ndani yake: chakula kimo, kukaa bila kucheza kumo, usingizi umo, kurithi kumo, na hawa makarani wamo, na wataalamu bado wanawachunguza, kwa hiyo kumnyooshea kidole mtoto, au mama yake, ni kufunga faili kabla ya kulifungua. Mwacheni acheze, mlisheni vizuri, mpendeni. Sentensi hiyo sikuitunga mimi, lakini nimeisoma kwa sauti nzuri. (Kina mama wanapiga vigelegele. Kibonge anachungulia. Wifi anagonga mwavuli chini: “Karatasi si kipimo! Mimi nilikubali kipimo. Mashine iseme, na leo leo. Mkoba wa mtoto nimeshaufunga!” Mama anamvuta binti yake karibu, anamkumbatia kwa mikono miwili.)

Na mashine itasema, dada yangu! Katika awamu ya kwanza mashine itasema, katika awamu ya pili itarudia, katika awamu ya tatu itaandika ripoti ya kwa nini ilisema. Kufikia mwisho wa kipindi cha mpito kila mwananchi atakuwa amewafahamu makarani wake wote kwa sura, na unene utakuwa umepungua kwa asilimia mia moja na ishirini, yaani tutakuwa tunawadai watu kilo. (Makofi machache. Wifi anaanza kusogea kuelekea mlangoni, amemshika Kibonge mkono mmoja. Mama kamshika mwingine.)

Msiingie bado! Kabla ya kukata utepe, itakuwa utovu wa nidhamu nisipotoa shukrani, ambazo katibu wangu ameniandikia nami nazisoma neno kwa neno. Namshukuru mwenye ukumbi wa harusi, aliyetuazima jengo hili mpaka saa tisa. Namshukuru fundi cherehani kwa mashine yake, ile iliyofunikwa kitambaa cheupe pale ndani, na anaomba irudi na sindano yake. Nawashukuru mabinti wa saluni waliovaa makoti meupe, wakapendeza kuliko wataalamu. Na kipekee naishukuru kamati, ambayo iliahirisha mradi huu kabla haujabuniwa, na hivyo kutuepusha na ucheleweshaji wote. (Watu wanazomea. Mzee wa barua anavua kiatu. Wifi amesimama kama mlingoti: “Kwa hiyo... mashine hakuna?”)

Ipo, dada, ila inashona.

(Mama kijana: “Wifi, tulisemaje? Mpaka kipimo kitoke!” Watu kwa pamoja: “Mpaka kipimo kitoke!” Wifi anatazama mlango, anatazama watu, mwisho anauachia mkono wa mtoto. Kibonge: “Mama, kwa hiyo mimi nalala wapi leo?” Mama: “Kwetu, mwanangu. Leo, na kesho, na keshokutwa.” Anapiga kigelegele kirefu peke yake, mpaka wanaozomea wanageuka kumtazama.)

Mmeona? Mmesikia? Huyo ndiye mwananchi aliyeielewa dira! Sasa sote tuitikie kwa nguvu. Maabara yetu! (Mama: “Ibaki hivyo hivyo!”) Maabara yetu! (Kina mama wote: “Ibaki hivyo hivyo!”) Mashine yetu! (“Iendelee kushona!”)

Ahsanteni sana. Agizo lenu nimelipokea kwa mikono miwili, na kuanzia kesho asubuhi ofisi yangu itaendelea kutoijenga maabara hii kwa kasi ile ile.