Meza ya Fébronie na Ndoo ya Vitunguu vya Kijapani

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi ya Sydney. Nimevaa soksi mbili mbili.

Mzee Déo wa kamati ya jikoni kanisani amepiga simu. Kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba. Amesema Jumapili ni Siku ya Chakula, na meza ya dirishani haiwezi kukaa tupu mwaka wa pili. Ikikosa chakula ambacho watu wanakula, atapewa Apondi.

Meza ya Fébronie! Marehemu mke wangu aliishika miaka tisa. Alikuwa akiipangusa kwa kiganja hata ikiwa safi.

Apondi ni nesi, Mkenya, ana kachumbari na foleni ndefu. Sina ubaya naye. Namwombea apate meza nyingine.

Ndizi za Fébronie nilizijaribu mwezi wa sita. King'ora cha moshi kililia mpaka majirani wakatoka na mablanketi. Kwa hiyo si ndizi.

Jumanne, 5 Agosti

Jibu limepatikana! Ghalani, ninakoendesha foklifti, muuzaji mmoja ameleta sampuli ya rakyo. Ni vitunguu vidogo vya Kijapani, vyeupe, kama punje nono za kitunguu saumu, vimelazwa kwenye siki na sukari. Nimeonja kimoja. Kitamu! Kinavunjika mdomoni kwa sauti. Nimeonja vinne zaidi muuzaji alipogeuka.

Halafu bahati. Kuna ndoo ya rakyo ya kilo ishirini, imebonyea ubavuni, haiwezi kwenda kwa wateja. Ni ya viwanda vya chakula. Bosi amesema anayeitaka aichukue. Nimeinua mkono kabla hajamaliza kusema.

Nimerudi nayo nyumbani Mount Druitt kwa basi. Nimeikalisha kitini, mimi nimesimama.

Jumatano, 6 Agosti

Mkakati. Wazee huchoma nyama, watu huja mezani kutafuta cha kulia nayo. Kachumbari ya Apondi ina vitunguu vibichi, na vitunguu vibichi vinanukisha mdomo. Nimeandika bango: KITUNGUU CHA HESHIMA. Sikumtaja mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Diane, binti yangu, amesoma lebo ya ndoo. Mimi huongea naye Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, tunaelewana vizuri isipokuwa ninapokosea. Amesema hivi si kama vya sampuli. Hivi vimehifadhiwa kwa chumvi tupu. Kiwanda huviloweka kwanza, hubadilisha maji mara nyingi, ndipo hutia siki na sukari.

Nimemwambia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila tulikula miaka kumi na mbili bila lebo.

Ameuliza kama nimeonja vya ndani ya ndoo. Mtoto wa Sydney! Kwetu Burundi anayegawa huonja mbele ya wageni, wote wakimwona, wajue hakuna sumu. Ukionja peke yako nyumbani, umemwonyesha nani? Huo ni ulafi tu.

Amenyanyua mabega. Mama yake alinyanyua vilevile, la kushoto kwanza.

Jumamosi, 9 Agosti

Kupanga ukumbi. Apondi amekuja kuchungulia ndoo. Ameuliza, "Baba Diane, umetuficha nini hapo?" Nimejibu ni vifaa vya usafi. Ameinama akanusa. Nimekaa juu ya kifuniko.

Amekaa karibu yangu, ameniuliza kama ninakula vizuri. Ujanja wa kivita! Nimemwambia ndiyo. Amenipa chapati tatu. Nimezila zote, lakini bila kulegeza msimamo.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike polepole.

Baada ya ibada nimetandika kitambaa cha Fébronie chenye maua. Nimepanga mabakuli kumi na mawili ya rakyo. Vinang'aa kama lulu! Foleni imejipanga, watu kama arobaini, Mzee Déo mbele. Nimeinua kitunguu juu, wote wameona. Nimekitia mdomoni.

Chumvi. Sijui kuieleza. Masikio yameziba. Ulimi umejikunja kama jani kavu. Lakini anayeonja hatemi. Nimetafuna. Nimemeza. Machozi yametiririka mpaka kwenye kola.

Mzee Déo amedhani namlilia Fébronie. Amenikumbatia, amesema, "Lia, Papa Diane, lia tu." Kisha kwa heshima ya marehemu amechukua kitunguu, ametafuna, naye ameanza kulia. Mama Nella wa kwaya amechukua, amelia, ameanzisha wimbo wa faraja. Foleni nzima imepita hivyo, mmoja mmoja. Hakuna aliyetema. Hata siku ya mazishi hawakulia namna ile.

Kisha amekuja Apondi. Vitunguu viwili kwa mpigo.

"Yawa! Baba Diane, umetuwekea bahari ndani ya kitunguu?"

Wimbo umekatika. Halafu Mzee Déo amecheka, na kicheko kimetembea ukumbi wote. Na mimi nimecheka. Mara ya kwanza tangu mazishi, Juni ya mwaka jana, nadhani.

Apondi hajacheka sana. Amesogeza beseni lake mpaka kwenye meza ya dirishani, kachumbari ambayo alikuwa hajaitia chumvi. Amevikatakata vitunguu vyangu vidogo vidogo, konzi moja tu kwa beseni zima, na ndimu. Watu wamerudi mara mbili, mara tatu. Kabla ya kuondoka ameipangusa meza kwa kiganja. Hakuna aliyemfundisha.

Jumanne, 12 Agosti

Kamati imekata shauri. Meza inabaki kwangu! Sharti ni moja: Apondi awe anaonja kila kitu siku moja kabla. Nimekubali. Ni vizuri naye apewe kacheo.

Leo bosi amegawa ndoo mbili za matunda madogo mekundu ya Kijapani. Yanafanana na zambarau, yamekunjamana, yanapendeza kabisa. Nimechukua zote mbili. Diane ametaka kusoma lebo. Nimegeuza ndoo, lebo iangalie ukutani, ili asisumbuke. Apondi sitamwambia, nataka ashangae.

Diane ameuliza kama walau nimeonja.

Nitaonja siku yenyewe, mbele ya watu, kama inavyotakiwa.