Gari Iliyokalafatiwa

Ijumaa, 7 Oktoba 1938

Leo nimefurahi. Naandika mapema kabla watu hawajaniharibia.

Sheikh Marhoun kaniita barazani kwake baada ya sala. Mwanawe Hashil anaoa Alhamisi, Tibirinzi kule Chake Chake, nami nimepewa kumpeleka kutoka hapa Wete. Mimi, Pandu! Si Jecha, dereva mwenzangu. Sheikh anataka gari yenye taa na honi, watu wajue njia nzima kwamba mwanawe anapita. Kisha akasema neno lililoninyima hamu ya chakula: atakayemfikisha bwana harusi kwa heshima ndiye atakayebeba karafuu zake zote msimu huu.

Jecha alikuwapo. Kanuna! Gari yake kopo tupu. Honi ya kubana kwa mkono, inalia kama bata. Taa za karabai. Yangu ina betri. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, na ambaye hakusikia nikamrudilia.

Sasa vuli imekaribia, na maji ya barabarani huruka mpaka kwenye betri, chini ya ubao wa miguu. Jecha asingefikiria hilo. Marehemu baba alikuwa mkalafati wa vyombo, akiziba mianya ya mbao kwa pamba na mafuta ya papa, na hakuna chombo chake kilichozama. Basi jioni nimefungua bolti, nikaukalafati ule mkanda wa shaba unaoiunganisha betri na chuma cha gari. Pamba chini, pamba juu, shahamu ya kumalizia. Tone haliingii.

Pamba yenyewe sikuwa nayo. Nimetoa sufi kwenye mto wa Mwanakhamis, mke wangu, ule aliokuja nao harusini kwetu. Nimeujaza matambara. Hatajua.

Jumamosi, 8 Oktoba

Imekufa!

Gari nzima imekufa. Taa hakuna. Honi kimya. Stata kimya. Nimezungusha hendeli mpaka bega likateguka, hata kikohozi haikukohoa. Jana mchana ilikuwa inanguruma! Nimepiga teke gurudumu. Kidole kimevimba.

Nani kafanya? Naulizia nini na mimi. Jecha alipita asubuhi akanisabahi. Akaniuliza habari za nyumbani, akauliza na za gari. Kwa nini aulize za gari? Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemjibu nzuri huku namtazama mikono. Ilikuwa safi mno.

Jumapili, 9 Oktoba

Nimemwita fundi Bakar. Mtu wa majivuno, haingii chini ya gari mpaka atandikiwe mkeka. Nimemtandikia mkeka.

Kaitoa betri nje, kaiunga na taa kwa nyaya zake. Taa imewaka, imetutia macho kiwi! Betri nzima basi. Taa nzima. Honi kaipima vivyo hivyo, imelia kuku wakatawanyika. Akavirudisha vyote ndani ya gari. Kimya. Akatoa tena. Vikafanya kazi. Akarudisha. Kimya! Kila kitu kizima na gari maiti. Nusura nilie.

Bakar akaniuliza kama kuna mtu kagusa chochote huko chini. Nikaapa hapana. Mwanakhamis alikuwa dirishani, anasikia kila neno. Na isitoshe, mimi sikugusa. Nilikalafati. Kugusa na kukalafati ni mbali mbali.

Akaona shahamu, akauliza ni uchafu gani huu. Uchafu! Kazi ya baba yangu! Nikamwambia mpumbavu hata chombo hajapata kukiona mbavu zake. Kanitupia spana, kachukua mkeka wangu, kaenda zake.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimefunga kitufe cha honi kwa kamba, kikae kimebanwa, na swichi ya taa nimeiacha imewashwa. Umeme ukirudi nitausikia hata nikiwa chooni. Fundo ni la baba. Halifunguki.

Mwanakhamis analalamika shingo inamuuma. Nimemwambia ni upepo.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimefikiri sana. Ikiwa gari yangu haina taa, na Jecha asiwe nazo. Hapo tutakuwa sawa, na mimi nina sura nzuri.

Taa zake za karabai huwashwa kwa dawa za mawe, ambazo zikikutana na maji hutoa moshi wa kuwaka. Huweka debe lake la dawa hizo chini ya kiti. Wakati wa alasiri, watu wote msikitini, nikachukua ndoo nikalimiminia debe zima. Lahaula! Likachemka! Likafura, likatema povu kanzu yangu yote, na uvundo kama shehena ya vitunguu thomu iliyooza. Nikakimbia. Nikawahi rakaa ya mwisho, maana mtu akiuliza, nilikuwa msikitini.

Safu nzima ilisogea. Kulia wakasogea, kushoto wakasogea, nikabaki peke yangu kama imamu wa pili. Jecha alipotoka na kuliona debe lake, hakuuliza kitu. Alinusa hewa tu, akanitazama. Mnafiki!

Jumatano, 12 Oktoba

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Watu wa Wete wamemhurumia Jecha. Kila nyumba imempa fanusi. Kina mama wamezifunga kwa utepe kuzunguka bodi lote, mbele, nyuma, ubavuni, na lile kopo sasa linang'aa kama mji wakati wa maulidi. Hata Mwanakhamis kapeleka. Fanusi yangu mwenyewe! Nimeitambua kwa ufa wake.

Alasiri kaja Sheikh Marhoun. Anataka kuisikia honi. Nikamwambia si vizuri, bwana harusi ndiye aisikie mwanzo. Akaniambia, "Usinifanye mtoto, Pandu," akaingiza mkono mwenyewe. Akakuta kitufe kimeshabanwa kwa kamba. Akaivuta ile kamba, akanitazama. Akatazama kanzu yangu. Akauliza harufu hii ni ya nini. Nikasema udi.

Amempa Jecha. Karafuu zangu zimekwenda! Nilishaambia watu! Nilishatukana watu kwa ajili ya karafuu zile!

Alhamisi, 13 Oktoba

Wamepita mbele ya nyumba yangu jioni, makusudi. Hashil na joho lake na jambia, vigelegele, fanusi zinayumba, na Jecha anabana bata wake kwek kwek kwek. Watu wanashangilia bata! Nimefunga dirisha. Nikalifungua nitukane. Wameshapita.

Kugeuka nyuma, Mwanakhamis kasimama na mto mkononi, tambara linatoka. Tambara la suruali yangu. Amefuata unyoya wa sufi mmoja mmoja kutoka chumbani mpaka uani, mpaka kwenye gari. Ubao wa miguu keshaung'oa.

"N'rejeshee sufi yangu!" Ule mto alishonewa na bibi yake. Akaniita majina ambayo sitayaandika, mengine sikuyajua. Nikamwambia sufi ile inalinda mali. Akanivuta mpaka uani, akainama akashika pamba kwa mikono miwili, akaivuta kama ng'ombe anatolewa matopeni.

Ikatoka yote. Mkanda wa shaba ukaanguka juu ya chuma, cheche paa!

Na honi ikalia! Taa zikawaka! Mwanakhamis akaruka na sufi yake kichwani. Nikakaza bolti, nikagusa stata, ikanguruma. Sikungoja kitu. Kama ningewahi Chake Chake, Sheikh angesikia kwa masikio yake, angebadili nia!

Honi haikunyamaza njia nzima. Fundo la baba. Nimevuta, nimeuma kwa meno, wapi! Mbuzi wamekata kamba. Wazee walitoka majumbani wakidhani ni moto. Nikafika Tibirinzi, mlango wa msikiti, honi inapasua masikio, na ndani ndiyo kwanza nikaha inafungwa.

Shehe anayefungisha anamsomea Hashil, Hashil anasema, "Ee?" Anasomewa tena. "Ee?" Mashahidi wanatazamana. Mimi napiga kelele nje kwamba ni mimi, Pandu, nimekuja na umeme! Hakuna anayesikia.

Akatoka Jecha. Akaazima jambia la bwana harusi, akaingiza mkono dirishani, akakata kamba. Kimya. Na katika kimya kile Hashil, aliyekuwa anapiga ukelele asikike, akasikika mji mzima kwamba amekubali.

Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Sheikh Marhoun hakucheka. Akamshika Jecha bega na kumwambia, mbele yangu, aje Jumamosi na magunia. Kisha akaniambia nirudi Wete, tena polepole, na nisiguse kitu.

Nimerudi. Nyumba tupu. Mwanakhamis kaenda kwao na mto wake.

Ijumaa, 14 Oktoba

Sikwenda msikitini. Sitaki kuonana na watu wajinga.

Nimekaa nikafikiri kwa makini, maana mimi si mtu wa kukasirika bila kufikiri. Nimejua kosa. Kosa ni la Mwanakhamis. Sufi yake ilikuwa kuukuu, imelaliwa miaka, imejaa ndoto za watu. Sufi kama ile itapitishaje umeme? Baba hakupata kukalafati kwa pamba iliyolaliwa. Na Jecha alilijua hilo, ndiyo maana alinyamaza!

Karafuu ndiyo kwanza zinaanza. Jecha mvua ikimnyeshea, gari yake itakufa barabarani, na Sheikh atanifuata mimi, mwenye betri kavu. Asubuhi imenyunya. Lazima nikalafati upya, na mara hii nizibe mpaka kwenye waya za honi.

Jumapili nakwenda kwao Mwanakhamis kumwomba radhi. Mama yake kanunua godoro jipya juzi. Sufi tupu.