Sungura Asiyetoka Ukurasa wa 31

Jumatatu, 4 Machi

Vitabu vimefika kutoka kiwandani! Makasha arobaini. La kwanza nimelifungua kwa mikono yangu mwenyewe, nikanusa wino, nikajisikia kijana. *Kitabu cha Wavulana Wasiotulia*: michezo, vichekesho na mambo ya ajabu kwa watoto wa miaka saba hadi kumi. Pweza ana mioyo mitatu (ukurasa wa 6). Namna ya kutengeneza matapishi bandia kwa unga na karoti (ukurasa wa 14). Kwa nini mashuzi hunuka (ukurasa wa 22). Yote kazi yangu, isipokuwa hilo neno "mashuzi", ambalo msahihishaji wetu aliligeuza kuwa "hewa ya tumboni". Mimi humwita Bwana Nukta. Hajawahi kuona nukta isiyomtia wasiwasi.

Saa nne Mkurugenzi alituita. Uzinduzi ni Jumamosi, katika ukumbi wa maktaba. Mtoto wa kwanza kutoka kwenye mzingile wa ukurasa wa 31 atapewa baiskeli. Kisha akatutazama, mimi na Bwana Nukta, akasema kwamba siku hiyohiyo atamtangaza mhariri wa vitabu vingine sita vya namna hii. Mmoja wetu. Atakayekosa ataendelea kusahihisha kalenda.

Nina miaka sitini na miwili. Kalenda!

Wakati wa chakula cha mchana nilichukua penseli nijiburudishe na mzingile wangu. Sungura anaingia huku, anapita vichochoro vilivyopindana, anatokea shimoni kwake kule. Sungura wangu hakutoka. Nikaanza upya. Hakutoka. Nikaanzia shimoni kurudi nyuma. Ukuta! Hapo nikakumbuka. Siku ya mwisho niliona mchoro umepwaya katikati, nikaongeza mstari mmoja ili upendeze.

Nakala elfu tatu.

Na kwenye fomu ya majaribio nimetia saini kwamba kila mchezo umejaribiwa na watoto watatu. Watoto hao hawapo. Alama zao zote za vema nilizitia mwenyewe, kwa kalamu tatu: nyeusi, bluu na nyekundu.

Jumanne, 5 Machi

Sikugusa chai. Bwana Nukta alikuja mezani kwangu akiwa na tabasamu lake la sukari, akaniita Mwalimu, akanipongeza, akaomba nakala moja tu awapelekee wajukuu zake wajaribu huo mzingile unaosifiwa. Nikasema makasha bado yamefungwa. Kasha lilikuwa wazi nyuma yangu. Nikalikalia. Akasema, "Basi pumzika, Mwalimu, naona umechoka."

Akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi na kupendekeza, kwa wema wake wote, kwamba wale watoto watatu waliojaribu kitabu wapewe heshima siku ya uzinduzi. Mkurugenzi akafurahi mno. Hawatashindana, alisema, kwa kuwa njia wanaijua. Watakaa mbele, na wenzao wakishindwa, wao watainuka na kuwaonyesha sungura anapopita.

Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba watoto watafurahi sana.

Jumatano, 6 Machi

Nina mpango. Wino mweupe wa kufutia! Tone moja juu ya mstari wa uongo, njia inafunguka. Nilijifungia stoo na makasha yote na chupa tisa.

Kufikia saa sita nilikuwa nimetengeneza nakala sitini na moja. Nikaenda kuikagua ya kwanza. Kurasa za 30 na 31 zilikuwa zimegandamana. Nikavuta taratibu. Ukurasa wa 30 ukaondoka na nusu ya mzingile. Nikajaribu nakala ya pili. Hivyohivyo. Zote sitini na moja!

Mlango ukagongwa. Bwana Nukta, bila shaka. Akauliza harufu hiyo ni ya nini. Nikasema ni dawa ya mafua. Akanitazama puani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Naona umeipaka kwa nje."

Nilipofika nyumbani nilijitazama kwenye kioo. Pua nzima, nyeupe kama chaki.

Jumamosi inakuja mbio.

Alhamisi, 7 Machi

Wembe. Nilikwangua mstari kwa upole wa daktari wa macho. Karatasi ikatoboka. Tundu lilitokea upande wa pili, katikati ya mdomo wa simba wa ukurasa wa 32. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nimejikata kidole.

Ila simba mwenyewe alinizindua. Ukurasa wa 32 ni kinyago cha kukata kwa mkasi! Macho, mdomo, masharubu, halafu unafunga uzi na kuvaa. Na kinyago kipo nyuma ya mzingile. Akikatwa simba, mzingile haupo tena! Ni kosa la ajabu katika kitabu, lakini ni kosa la mpangilio wa kurasa, na mpangilio huo ulitiwa saini na nani? Na Bwana Nukta!

Nilimwendea Mkurugenzi nikiwa nimefunga kidole kwa leso. Nikashauri kwamba watoto waanze kwa vinyago, ndipo waje kwenye mzingile. Nitaleta mikasi mimi mwenyewe. Akakubali. Bwana Nukta akauliza mapenzi haya ya mikasi yameanza lini. Nikajibu kwamba mkasi huimarisha vidole. Akatazama leso yangu, akaandika kitu katika daftari lake.

Ameandika nini?

Ijumaa, 8 Machi

Bado sina watoto. Jirani hataki kuniazima wanawe. Anadai mara ya mwisho niliwarudisha wakiwa wamepakwa gundi. Nimebaki na binti wa dada yangu. Ana miaka tisa, ana maneno ya mtu mzima, na si mvulana. Sina wa kuchagua.

Nilimweleza kwamba yeye alishawahi kukijaribu kitabu hiki. Akasema hakumbuki. Nikamwambia watoto husahau. Akaweka mikono kiunoni.

"Mjomba, unataka niseme uongo, au unataka niseme nimesahau?"

Nikasema asahau. Akasema sawa, lakini kwa sharti kwamba akate kinyago kwa mkasi wake mwenyewe, maana mikasi ya watu wengine haikati. Kisha akauliza kwa nini kitabu ni cha wavulana, kwani msichana haruhusiwi kujua pweza ana mioyo mitatu? Nikamwambia alale. Dada akanikumbusha kwamba ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Mpango hauna tundu hata moja.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, ingawa moyo haujatulia.

Mlangoni, mlinzi wa maktaba alifungua mfuko wangu. Mikasi arobaini na minane! Akasema mkasi hauingii penye vitabu. Nikambembeleza. Akasema hata ungekuwa mkasi wa mama yake. Akaimwaga yote kwenye ndoo, na ndoo akaiweka chini ya kiti chake, akaikalia kama mimi nilivyokalia kasha.

Bila mikasi, hakuna vinyago. Mkurugenzi akasema basi tuanze na mzingile.

Watoto arobaini na wanane wakainamisha vichwa. Ukumbini zilisikika penseli tu. Dakika tano. Dakika kumi. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mwingine akapita juu ya ukuta na kudai ametoka. Wenzake wakampigia kelele za mwizi. Wazazi wakaanza kujaribu nao. Baba mmoja alivunja penseli. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya baiskeli, nimeshika usukani wake nisije nikaanguka.

Bwana Nukta akainuka. Kwa sauti ya upole kabisa akasema kwamba labda sasa wale watoto watatu watusaidie. Nikatangaza kwamba wawili wameshikwa na homa. Akauliza kama ni homa ile ya kupaka dawa puani kwa nje. Watu wakacheka. Mkurugenzi hakucheka.

Binti wa dada yangu akainuka na kitabu chake. Nilifumba macho. Nikaona kalenda: Januari, Februari, Machi, mpaka nife.

Nikasikia Mkurugenzi akimuuliza mbona ukurasa wake una tundu. Nikafumbua macho. Mtoto alikuwa ameficha mkasi wake ndani ya soksi! Alipochoka kungoja alianza kukata kinyago, akawa ametoa mdomo wa simba tu. Akaweka penseli kwa sungura. Akapinda, akapinda, akafika kwenye ule mstari wangu. Hapakuwa na mstari. Palikuwa na tundu. Akalivuka na kutokea shimoni.

"Hapa simba amekula ukuta," akasema.

Halafu ukumbi ukalipuka! Watoto wakageuza kurasa, wakatafuta mdomo wa simba, wakatoboa kwa penseli, kwa kucha, kwa meno. Mvulana mmoja asiye na meno ya mbele alitoboa kwa ulimi na mate, akatoka wa kwanza, akapewa baiskeli.

Mkurugenzi akaniuliza kama nilikusudia hivyo. Nikakohoa. Nikasema katika kazi yangu hakuna mstari unaowekwa bure.

Akanitangaza palepale. Vitabu sita! Bwana Nukta alipiga makofi kwa vidole viwili.

Njiani mtoto akauliza, "Mjomba, kweli ulijua?" Nikasema ndiyo, bila shaka. Akasema, "Mbona ulikuwa unalia?" Nikamwambia lile lilikuwa jasho.

Jumatatu, 11 Machi

Ofisi mpya. Madirisha mawili! Mkurugenzi anataka kitabu cha pili kiwe na mizingile ishirini, yote ya simba kula ukuta, na anaitaka mwisho wa mwezi. Nimeshachora kumi na tisa tangu asubuhi. Inapendeza. Mingine niliona imepwaya katikati, nikaongeza mstari hapa na pale.

Binti wa dada yangu alipita baada ya shule, akajaribu ule wa tatu, akasema sungura hatoki. Nikamwambia asiguse kazi za watu.

Kisha Bwana Nukta akaniletea fomu ya majaribio. Imebadilishwa: kuanzia sasa kila mchezo ujaribiwe na watoto watano, si watatu. Ni agizo la Mkurugenzi, na wazo, nadhani, ni la Bwana Nukta mwenyewe. Akasimama pale mlangoni akingoja nione ugumu wake. Nikamwambia hakuna neno, ataipata kesho mapema, imejazwa yote.

Nimetoka dukani sasa hivi. Nimenunua kalamu ya kijani na ya zambarau.