Leokadia Ameinama, Amekubali

Mwaka 1976, kijiji cha Tujitume, upande wa Chimala, kilitangaza hatua kubwa ya maendeleo: kuanzia siku hiyo, mtu yeyote atakayenyamaza mkutanoni huku ameinamisha kichwa atahesabiwa kuwa amekubali. Utaratibu wenyewe haukuwa mgeni. Ndivyo wasichana walivyokuwa wakiozwa.

Aliyenufaika kuliko wote ni Leokadia, binti wa Mzee Budeba, aliyeishia darasa la nne na ambaye alizijua kucha zake za miguu kuliko nyuso za majirani.

"Leokadia, Katibu wa Kamati ya Vyoo?" Mwenyekiti Bartholomeo aliuliza.

Leokadia akainama.

"Amekubali! Makofi!"

Haukupita muda akawa na Kamati ya Mbolea, ya Kisima, ya Mapokezi, na Kamati ya Kuratibu Kamati. Hata mbuzi akivutwa hulia, alijisemea moyoni. Mimi nabeba na kamba yangu mwenyewe.

Wakati huo mpunga wake ulikuwa unaiva, na kweleakwelea hawakuwa na vikao.

"We Leokadia!" mama yake alifoka. "Ndege wanaumaliza mpunga! Mwaka huu tutapika mihutasari?"

"Nakwenda kuamia ndege, mama. Nikimaliza vyoo."

Ndipo akaja Bwana Shamba kutoka Mbeya. Mapokezi yakafana, kuku akaliwa, kisha mgeni akasimama.

"Ndugu wananchi! Shamba la kijiji linahitaji Msimamizi Mkuu wa Kuamia Ndege, alfajiri hadi magharibi, mpaka mavuno. Nani?"

Watu wote wakamgeukia Leokadia. Kwa aibu, naye akageukia kwingine, macho yakaangukia meza kuu. Mwenyekiti, kashiba kuku, alikuwa amelala, kidevu kifuani.

"Mwenyekiti..." Akanyoosha kidole. "Mwenyekiti amekubali."

Bwana Shamba akachungulia. Kichwa kimeinama. Neno hakuna.

"Amekubali! Makofi!"

Makofi yakamwamsha Bartholomeo, naye akapiga kuliko wote.

Kesho yake alikuwa juu ya kichanja, anagonga debe. Vikao bila mwenyekiti ni batili, kwa hiyo Leokadia akaenda kwenye mpunga wake, ng'ambo tu ya tuta.

Jua lilipopanda, Mwenyekiti akaita: "Binti yangu! Niangalizie na huku, nikale kidogo!"

Leokadia akainama, kama kawaida yake.

"Ame..."

"Sitaki!"

Ndege wakaruka kutoka mashamba yote mawili kwa mpigo.

Mwenyekiti akainamisha kichwa. Hakusema neno.