Mzee Gervas, Mpima Ndimi wa Utemini

Haya ni kweli tupu. Shahidi wa upande huu ameapa kwa Biblia na kwa Msahafu siku moja, ili dini yoyote isinune.

Mzee Gervas, karani mstaafu wa stesheni ya Itigi, alikuwa amebakiza siku tano za amani duniani. Mkewe Theodora, aliyekwenda Manyoni kumlea binti yao aliyejifungua, angerudi Jumapili na kukuta banda tupu. Kuku wake kumi na wawili walikuwa wamekufa kwa kideri, na hela ya chanjo Mzee alikuwa ameinunulia miwani ya jua.

Jumanne, akipita ukumbini Utemini, alikuta watu wazima wamegandia tangazo la madarasa ya jioni. Kichina, Kifaransa, Kiarabu. Chagua moja, ada hairudishwi.

"Kichina kina biashara," alisema Obadia, fundi baiskeli.

"Mie nina mpwa Omani," alisema Stumai, muuza mafuta ya alizeti. "Ila nikichagua vibaya, ada ndiyo imekwenda. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivi mnachagua lugha kabla ya kupima ulimi? Kiatu mnanunua bila kupima mguu?"

Watu wakanyamaza. Kwa mjanja, ukimya wa namna hiyo ni harufu ya pilau.

Kesho yake Gervas alikaa barazani na rula na tochi. Malipo: kuku mmoja hai, tetea au jogoo, maana sayansi haibagui.

"Toa ulimi, Obadia. Ehee! Sentimita nne na nusu. Wa Kichina huu. Kifaransa kingekukaba."

"Na Kiarabu, mzee?"

"Kiarabu kinatokea kooni, na koo lako limejaa ugali."

Stumai akaambiwa Kifaransa.

"Lakini mpwa wangu yuko Omani!"

"Mpwa yuko Omani, ulimi uko Paris. Wewe utamfuata nani?"

Kufikia Jumamosi banda lilikuwa na kuku kumi na wawili, na Gervas mwenyewe ameanza kujiamini. Alijipima mbele ya kioo, akajikuta ana ulimi wa Kijerumani, akatembea kutwa nzima kifua mbele.

Jumapili Theodora akachungulia bandani. "Tetea wangu mwekundu yuko wapi?"

"Ndiye yule mweupe. Chanjo za siku hizi kali sana."

Theodora akaingia ndani. Gervas akapumua.

Jumatatu, hodi! Stumai. Mwalimu wa Kifaransa, aliposikia habari ya rula, alikuwa amecheka mpaka akakaa chini. Gervas akasubiri matusi. Hayakuja. Stumai alimgeukia Theodora.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukupa hongera ya mjukuu."

"Marahaba, mwanangu! Gervas, shika kisu. Mgeni wa mjukuu hali mchicha nyumbani kwangu."

"Labda chai tu, mke wangu..." alisema Gervas.

"Chai? Na banda limejaa?"

"Kama si usumbufu," alisema Stumai kwa upole, "yule mweusi mwenye kishungi. Tunafahamiana."

Alasiri akaja Obadia kutoa hongera. Jumanne wakaja watatu, kila mmoja kwa saa yake, na kila mmoja akiwa na kuku anayemfahamu. Gervas alichinja, akanyonyoa, akapepea moto. Firigisi ilikwenda kwa mgeni. Yeye alipewa shingo. Angesema nini? Mgeni humfukuzi, na wizi wako huutangazi.

Ijumaa banda likabaki manyoya.

"Wageni kumi na wawili," alisema Theodora, "na hakuna aliyekosea kuku. Baba, sema."

Gervas akasema yote, hata ya miwani. Theodora hakufoka. Alichukua pochi ya pensheni, akamtanguliza mumewe hadi mnadani Mtinko.

"Mama, kuku bei gani?" Gervas alimwuliza muuzaji.

"Elfu thelathini, mzee."

"Jana si walikuwa ishirini?"

"Jana hukuwepo."

Nyuma yake wauzaji wote walikuwa wanacheka; habari ya rula ilikuwa imemtangulia. Theodora akafungua pochi.

"Hesabu kumi na wawili," alisema, "na kila mmoja msalimie kwanza, mfahamiane."