Barua ya Pasta kwa Dossier ya Chancelle

Siku ya Posho, tarehe 2 Oktoba 1999

Nimeshuka mpaka faculté ya chuo kikuu. Nimesoma tangazo mara tatu. Nafasi za médecine: makumi ine. Watoto waliochukua formulaire ya kuomba: mia tatu na kumi na mbili, na leo ni siku ya pili tu ya kuandikisha! Wazazi wamejaa kwenye kibaraza, kila mutu anaficha dossier yake, makaratasi yote ya mutoto, kifuani.

Chancelle, binti yangu, ametoka na pourcentage 71 kwenye examen d'État, mutihani wa kumaliza sekondari. Luc, mutoto wa jirani yangu Barthélemy, ametoka na 58. Lakini Barthélemy ni shemasi wa Waprotestanti, na faculté ni ya Waprotestanti, na tangazo linasema kila dossier iwe na barua ya kanisa. Siye tuko Wakatoliki toka babu yangu. Basi 71 inakuwa 58, na 58 inakuwa 71. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ofisi ya viwanja. Naijua dunia.

Chancelle anasema ameisha kuuliza sekretere. Eti barua ya padri pia inakubaliwa, na curé wetu ameisha kumuandikia. Nimemuambia yeye ni mutoto, mambo ya kweli ya dunia hii hayaandikwi kwenye tangazo. Kesho tunaenda kusali kwa Waprotestanti. Nyumba nzima.

Siku ya Yenga, tarehe 3 Oktoba

Tumesali. Masaa matatu na nusu! Bibi yangu Cibalonza, mama ya Chancelle, alikataa kuvua medali ya Bikira Maria. Aliifunika na foulard ya shingoni, akanitazama njia nzima. Mimi nilifanya alama ya musalaba mara tatu, kwa mazoea. Mara ya tatu, muzee wa pembeni alinikamata mukono polepole akaurudisha magotini. Barthélemy alikuwa mulangoni anapokea watu. Alinikumbatia mbele ya wote, akasema kwa sauti kwamba ameniombea toka mwaka 1988. Muongo. Mwaka 1988 tulikuwa tunagombana ju ya ukuta wa choo.

Kisha ibada nikamuendea Pasta Anaclet, nikaomba barua. Muzee mwema, anaongea polepole. Alisema barua ni ya washiriki wa kanisa. Na kuwa mushiriki ni kufuata mafundisho miezi sita, kutoa ushuhuda, kuzamishwa ndani ya maji. Miezi sita! Dossiers zinafungwa tarehe 16. Nikamuambia kwa vita hii mutu hawezi kujihesabia miezi sita, pengine Bwana ananiita kesho. Machozi yakamujaa. Amenitia kwenye ubatizo wa yenga ijayo. Nimerudi nikipiga muluzi.

Siku ya Ine, tarehe 7 Oktoba

Mafundisho. Niko darasani na vijana wa miaka kumi na ine, magoti yangu hayaingii chini ya meza. Na mwalimu ni nani? Barthélemy! Aliniamuru nitaje vitabu vya Agano la Kale kwa mufululizo. Nilipofika Waamuzi, masasi yakaanza upande wa Nyawera. Wote chini. Nikafikiri nimeokoka. Hapana! Yeye, uso sakafuni, akauliza kisha Waamuzi ni kitabu gani. Nikasema Samsoni. Vijana walicheka na masasi yakilia.

Nimefika nyumbani na vumbi kwenye koti. Cibalonza akaniuliza kama hata ndani ya maji nitadanganya. Nikakunguta vumbi.

Yeye anajua sababu. Nitaandika mara moja, halafu basi. Oktoba 1996 tulikimbia vita kwa miguu. Akonkwa wetu, miaka ine, alianza kuhara njiani. Tukafika kijiji cha Miti. Dispensaire mulango wazi, kitanda bila matela, sindano zimemwagwa chini, hakuna mutu hata mumoja. Siku mbili. Chancelle ndiye aliyembeba mpaka mwisho. Nilichimba mwenyewe, na jembe ya kuazima. Siku ile niliapa kwamba nyumba hii itakuwa na docteur. Watu wanafikiri ninatafuta sifa. Mimi sitafuti sifa.

Siku ya Posho, tarehe 9 Oktoba

Dossier imeingia! Kwa shida. Chancelle alikuwa ameweka ndani barua ya curé. Nikaitoa. Barua ya Wakatoliki mikononi mwa Waprotestanti, ni kujichoma! Lakini barua ya pasta siwezi kuipata mbele ya kubatizwa, na nilitaka dossier iingie leo, watu wakiwa wachache. Bon. Nikakaa mbele ya mashini ya kuandika, ile niliyoileta toka ofisi wakati mishahara iliposimama. Nikaandika barua nzuri sana: familia yenye bidii, nguzo ya kanisa. Sahihi ya Pasta nikaiiga toka kadi yangu ya mafundisho. Nikajaribu mara tano kwenye karatasi ya pembeni. Ya sita ilitoka muzuri kuliko yake.

Si uongo. Barua hii ningeipata kesho, nimeitanguliza siku moja tu. Ni kweli yenye haraka.

Sekretere wa faculté, Papa Marcellin, mwenye miwani minene, ameipokea na kunipa namba: 204. Nilipanda kilima nikiimba. Chancelle akauliza kama barua ya curé iko ndani. Nikamuambia kila kitu iko mahali pake.

Siku ya Yenga, tarehe 10 Oktoba

Ninaandika nikiwa na blanketi mbili.

Tulikuwa saba pembeni ya ziwa. Baridi! Mbele ya kuzamishwa, kila mutu anataja zambi anayoiacha. Wasichana wakaacha dansi. Muzee mumoja akaacha pombe, watu wakajibu amina ndogo tu. Na mimi pombe ndiyo niliyotayarisha! Nikaona nitapita bila kuonekana, mulevi namba mbili. Barthélemy alisimama pale na taulo yake, anangojea.

Nikafungua kinywa. Nilitaka kusema pombe pamoja na tumbako. Lakini kwenye ukingo palikuwa mwanamuke na mutoto wa miaka ine mugongoni, anachungulia, na mimi nikaanza kulia. Kulia ya kweli. Ikatoka yote. Miti. Jembe. Akonkwa. Kwamba nilikuja kanisani ju ya barua. Kwamba ile barua nimeisha kujiandikia. Kwamba sahihi yangu imepita ya Pasta.

Ayi, amina zilizolia! Wamama wakapiga vigelegele, wakaimba. Barthélemy mwenyewe akalia ndani ya taulo. Toka nizaliwe sijapendwa vile. Pasta Anaclet akanizamisha, na naona alinibakisha chini ya maji muda murefu kidogo kuliko wengine. Nilipotoka, mutu mumoja aliingia majini na suruali yake, akanishika mukono kunipandisha. Miwani minene. Akasema Bwana asifiwe. Halafu akaniuliza kwa upole kama mimi si baba wa namba 204.

Siku ya Pili, tarehe 12 Oktoba

Dossier imetolewa. Papa Marcellin alinikalisha kwenye kiti, akanipa chai. Hakukasirika. Afazali angekasirika! Alisema mimi nimetubu na nimesamehewa, lakini barua ya uongo iko ndani ya dossier na sheria ni sheria: Chancelle hafanyi concours, mutihani wa kuingia, mwaka huu. Alisema kwa pourcentage alikuwa wa tatu kati ya watoto wote walioisha kuandikwa. Alisema barua ya curé ingetosha.

Ingetosha!

Chancelle alisoma karatasi ya kukataliwa, akaikunja. Halafu akaenda kufua blouse yake ya masomo, akaianika. Ningependa anitukane. Jioni Barthélemy alikuja kutufariji na sahani ya sambaza. Luc iko kwenye liste ya concours. Nilikula zile samaki zote peke yangu, ju ya hasira.

Siku ya Tano, tarehe 15 Oktoba

Chancelle alitoka asubuhi bila kuaga. Kurudi, iko na karatasi mukononi. Amejiandikisha kwenye shule ya wauguzi ya masista. Mwenyewe! Alisimama kwenye mustari masaa ine, akaonyesha 71 yake na barua ya curé, ile niliyoificha chini ya mashini. Sista Delphine, mukubwa wa shule, amemupokea. Masomo yanaanza tarehe 25.

Nikapandisha sauti. Muuguzi! Mutoto wa 71! Nikamuambia niliapa docteur, sikuapa mutu wa kumushikia docteur sahani. Akangojea nimalize.

"Papa, kule Miti hatukukosa docteur," akasema. "Tulikosa mutu wa kubakia. Mimi nitabakia."

Cibalonza aligeukia ukuta. Mimi nilitoka nikaenda kukaa chooni, muda murefu. Nimelia kuliko siku ile ya ziwa, na safari hii hakuna aliyeimba.

Siku ya Yenga, tarehe 17 Oktoba

Wameenda misa bila mimi. Sijui nisali wapi. Kule nilikotoka naona haya, kule nilikoingia wananishangilia, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nimefikiri toka asubuhi. Nimeelewa. Mutoto yangu ananishinda akili na moyo, na kila nilipotia mukono niliharibu. Nafasi ilikuwa yake, nikaichukua mimi. Ninaandika hapa mbele ya Mungu wa makanisa yote mbili: sitatia tena mukono kwenye mambo ya Chancelle. Basi. Imekwisha.

Jambo moja tu. Uuguzi ni miaka tatu. Akiingia atazoea, atapenda, ataolewa, na médecine itasahauliwa. Lakini masista wakimukataa sasa, atakaa nyumbani mwaka mumoja, na mwaka ujao faculté inafungua tena. Hapo si mimi ninayetia mukono. Ninaondoa tu mukono wa masista.

Nimemuandikia Sista Delphine barua bila jina. Si kwa mashini, mashini inajulikana sasa. Kwa mukono wa kushoto. Nimesema akili ya binti huyu inapita uuguzi, atawasumbua walimu. Na kusudi Sista aone kwamba anayeandika anaijua vizuri familia, nimeongeza kwamba baba yake ni muongo, muigaji wa sahihi za watu, na kwamba alimuharibia mutoto maisha mwezi huu huu. Kesho, mbele ya misa ya kwanza, ninaipitisha chini ya mulango wao.

Wamerudi. Chancelle anauliza toka jikoni kama nimekula. Nimejibu bado. Anasema nisisimame, ataniletea. Nimefunika barua na Biblia.